Suruali ya Ngozi ya Bwana Sleyum

Wajukuu zangu mnaoshona ngozi, na nyinyi mnaodhani mnashona, juzi nilipita Hamriya, hapa hapa Maskati, kumsalimia mtoto wa shemeji yangu. Ana duka dogo la kutengeneza viatu na mikoba. Nikawakuta vijana wake wameizunguka meza, wanacheka mpaka machozi. Mezani pana suruali ya kiume ya ngozi nyeusi, ya kubana, ina zipu mpaka kwenye vifundo vya miguu, na pembeni yake mikanda ya kuvaa kifuani yenye pete za chuma. Mmoja wao ameinua simu anapiga picha.

"Babu, njoo uone vituko!"

"Mwenyewe anajua kuwa unaipiga picha nguo yake?"

"Atajuaje? Atakuja Alkhamisi."

Nikamwambia aifute ile picha mbele ya macho yangu, akaifuta. Kisha nikakaa, nikaigeuza ile suruali huku na huku. Mshono wa paja umeachia, na ngozi imekauka kwa sababu mwenyewe, maskini, hajui kuitunza na hana wa kumuuliza. Hilo lilinihuzunisha kuliko vile vicheko. Nikawauliza nani kati yao anaweza kuilainisha ngozi ile bila ya kuichubua rangi. Kila mmoja akamsukumia mwenzake. Basi nikarudi nyumbani nikiwa na hasira zangu, nikaomba karatasi. Nitakuelezeni habari za nguo kama hizo, na hasa habari ya suruali moja iliyokaribia kuivunja nyumba ya watu wawili waliokuwa wakipendana.

Mimi nilikuja Maskati mwaka sitini na nne kutoka Unguja, na mama yangu, na kifurushi cha vyombo vya kazi. Sababu za kuondoka kwetu wazee wenu wamekusimulieni vya kutosha, mimi leo nazungumza kazi. Unguja nilikuwa mshona makubadhi. Hapa nikapata nafasi Matrah, mji wa jirani, kwa fundi mmoja wa Kibulushi aitwaye Murad, mtu mwembamba, ndevu zake nyekundu kwa hina, ambaye aliishi Mombasa ujanani na Kiswahili akikisema mbio mbio kama anayefukuza kuku. Akishona mikanda ya khanjari, yale majambia ya kiunoni, na matandiko ya ngamia. Alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso, akasema, "Kaa." Nilikaa mpaka alipofariki.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kuchagua ngozi. Nyinyi mnaagiza kwa simu, inakuja imekunjwa ndani ya plastiki, halafu mnashangaa ikipasuka. Ngozi huchaguliwa kwa mikono. Ikunje, uibane kwa vidole viwili, uitazame pale kwenye kunyanzi: ikionyesha vijistari vyeupe, iache ilipo. Ivute upande wa mgongo, kisha upande wa tumbo. Ya mgongo ni imara, ya tumbo hulegea, na mwenye pupa huiuza ya tumbo kwa kuwa ndiyo laini. Kwa glavu chukua ya mbuzi. Kwa suruali chukua ya ndama, na mguu wa kulia na wa kushoto uikate sambamba, kila mmoja upande wake wa uti wa mgongo, ili ivutike kwa namna moja. Usipofanya hivyo, mteja wako baada ya miezi michache atakuwa na goti moja limetuna na jingine halimo habarini.

Na usitie pini kwenye ngozi. Kitambaa hujifunga tundu lake, ngozi haifungi kabisa. Sisi tulibana kwa vijiti vya mwanzi vilivyopasuliwa katikati. Siku hizi mna vibanio vya plastiki, vizuri tu, sina ugomvi navyo.

Bwana Sleyum alianza kuja dukani kwetu katika ile miaka ambayo kampuni ya mafuta ilikuwa inaajiri watu. Yeye alikuwa mkalimani wao. Alikuwa mtu wa Unguja kama mimi, lakini wa nyumba kubwa, kanzu yake haina hata kikunjo, kishada cha shingoni kimetiwa marashi, sauti ya chini. Akikaa Maskati, ndani ya ukuta, na kila akija Matrah ilimbidi arudi mapema kabla mlango wa mji haujafungwa. Akija, anauliza mikanda, anaigusa, anainusa, anashukuru, anaondoka. Akaja tena na tena hivyo hivyo. Mimi nilidhani hana la kufanya. Fundi Murad alijua kuwa analo jambo na linamshinda kulisema.

Siku moja dukani hapakuwa na mtu ila sisi. Akasema huku anatazama chini, "Fundi, nataka suruali. Ya ngozi. Nyeusi. Iwe ya kubana."

Wakati ule mwanamume wa mjini alivaa kanzu na kilemba. Suruali ya kitambaa tu ilitosha kumfanya mtu atazamwe njiani, sembuse ya ngozi.

"Ya kupandia farasi?" akauliza Fundi Murad. Alikuwa anampa mlango wa kutokea.

Bwana Sleyum angeweza kuupita mlango ule, mambo yakawa mepesi. Hakuupita. Akasema, "La. Ya kuvaa nyumbani, peke yangu."

Fundi Murad akachukua uzi wake wa kupimia. "Haya, simama wima."

Basi. Hakumuuliza lolote jingine. Alimpima huku uso ameugeuzia pembeni na mdomo unazungumza habari za tende za mwaka ule, kama zilikuwa tamu au chachu. Hivyo ndivyo anavyopimwa mtu mwenye haya. Jina lake halikutajwa wala halikuandikwa. Vipimo vyake vilikuwa mafundo kwenye ule uzi, na uzi ukatiwa ndani ya kopo.

Nitasema wazi, kwa kuwa nyote ni watu wazima. Raha ya Bwana Sleyum katika nguo ile ilikuwa raha ya mwili. Wako wanaume wa namna hiyo, walikuwako zamani na wako leo: anapata raha kwa ngozi kumbana, kwa harufu yake, kwa mlio wake mwembamba anapokunja goti. Yeye mwenyewe aliniambia baadaye, tulipozoeana, kuwa alipokuwa na kazi Mombasa alimwona mpanda pikipiki mmoja aliyevaa ngozi kutoka shingoni mpaka miguuni, "na tokea siku hiyo, Hilali, haijanitoka." Hakumdhuru mtu, hakuipeleka njiani, hakumlazimisha yeyote kuitazama. Alifunga mlango wake Ijumaa baada ya chakula cha mchana, akakaa nayo saa moja, kisha akavaa kanzu yake akenda kusali alasiri. Sikuona kwa nini nimhukumu, na mpaka leo sioni.

Ile suruali ya kwanza ilituaibisha. Ngozi ilitoka Bombay, inang'aa kama kioo, Fundi Murad aliipenda kwa macho akasahau mafundisho yake mwenyewe. Ijumaa ya kwanza tu Bwana Sleyum akatokwa na jasho ndani yake, rangi yote ikahamia miguuni. Akaja Jumamosi mapema, amefazaika.

"Fundi, nimesugua kwa sabuni, nimesugua kwa ndimu, haitoki. Mimi udhu wangu unaswihi hivi nilivyo?"

Fundi Murad akamtaka anyanyue kanzu, akamtazama. Mweusi tititi kutoka kwenye paja mpaka kwenye unyayo, juu mweupe. Nilijitia kutafuta kitu uvunguni mwa meza.

"Rangi haizuii maji," akasema Fundi Murad kwa taratibu. "Ni kama hina. Swala yako iko salama. Kazi yangu ndiyo iliyoharibika." Akaichukua suruali akashona nyingine, safari hii akaitia bitana ya bafta nyeupe ndani, iliyofuliwa kabisa mpaka ikalainika. Tangu siku hiyo kila ngozi iliyoingia dukani tuliisugua kwanza kwa kitambaa cheupe kilichorowa maji ya chumvi. Jasho ni maji ya chumvi. Kitambaa kikitoka na rangi, ngozi inarudi ilikotoka. Fanyeni hivyo. Haiwagharimu kitu na itamwokoa mteja wenu na ndimu.

Kuvaa nako kuna adabu yake. Paka poda mapajani na magotini. Vaa ukiwa umekaa, kidogo kidogo, mguu huu na huu, usiingize mmoja mpaka mwisho halafu ukaruka ruka kutafuta wa pili. Ikiwa mpya, kaa na usimame pole pole ili goti lijitengenezee nafasi yake. Usivae umeshiba biriani. Na katika joto la hapa kwetu usikae nayo muda mrefu, maana damu inachemka na kichwa kinazunguka. Bwana Sleyum alianguka chumbani kwake mwezi wa saba, akaegemea kabati, kabati likaanguka naye. Jirani akaja mbio kugonga, na yeye anamjibu nyuma ya mlango, "Nnapanga vyombo!" Toka hapo ikawa majira ya baridi tu, na kiangazi alivaa glavu tu, za ngozi ya mbuzi, tulizomshonea.

Ukishavua, futa ndani na nje kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu, uitundike kivulini penye upepo. Jua ni adui. Ukungu wa kiangazi ufute kwa siki iliyozimuliwa. Mafuta tuliyotumia ni ya nyonyo yaliyoyeyushwa pamoja na nta ya nyuki, kidogo tu, kwa vidole, mpaka ngozi ipate joto la mkono. Usisikilize la mtu yeyote asiye fundi. Bwana Sleyum alimsikiliza kinyozi wake, ambaye alimwambia kuwa hakuna kinachoshinda sifa, yale mafuta ya maini ya papa, kutoka kijiji cha Yiti, wanapaka hata vyombo vya baharini. Akapaka. Ngozi ikalainika kweli, lakini paka wa mtaa mzima wakahamia dirishani kwake, wanalia, wanaparura mbao, na watu wakaanza kuuliza huyu bwana ameficha samaki gani. Tuliiosha suruali ile mara nyingi sana mpaka paka wakakubali kwenda zao.

Mnacheka. Chekeni, na yeye alicheka. Alikuwa na moyo mwepesi wa kujicheka akiwa na sisi, kwa kuwa alijua hayatoki nje. Ndilo nililotaka wale vijana wa Hamriya walijue.

Halafu Bwana Sleyum akaoa. Bi harusi alikuwa Bi Zuwena, binti wa watu wa Unguja pia, aliyekuja na wazee wake kupitia Dubai. Kabla ya harusi Bwana Sleyum alituletea kila kitu tulichomshonea, ndani ya gunia: suruali, kizibao, mkanda mpana, glavu. Akasema tuzichome.

"Chukua kiberiti uchome mwenyewe," akasema Fundi Murad bila ya kuinua uso. "Mimi nimeshona. Siwezi."

Hakuweza na yeye. Zikakaa dukani kwetu, nami nikawa nazipaka mafuta. Ilipopita miezi kadhaa akaja akazichukua. Alikuwa amekonda. Aliniambia kuwa Bi Zuwena ni mwanamke ambaye hakumstahiki, mcheshi, msomi wa Kurani, mkono wake mtamu, na kwamba anampenda kiasi cha kuogopa. "Akiziona hizi, Hilali, atanicheka. Akinicheka yeye, mie sitoweza kukaa naye nyumba moja. Wallahi nnajijua." Akazitia chini kabisa ya sanduku lake, chini ya mablanketi, na funguo akaziweka juu ya kabati, mahali ambapo kila mume huweka kitu anachodhani hakionekani.

Msimu wa baridi ukaingia, kampuni ikampeleka bara, huko jangwani kwenye visima, kwa wiki kadhaa. Na katika kipindi hicho, asubuhi moja, dukani kwetu akaingia mwanamke aliyevaa buibui, amefuatana na bibi mtu mzima aliyekaa kizingitini akatupa mgongo. Yule mwanamke akaweka furushi la kanga juu ya meza.

"Nyinyi ndio mafundi wa ngozi mnaoshona kwa uzi wa rangi ya mtama?" Uzi wetu Fundi Murad aliutia nta ya manjano, ulikuwa unajulikana. "Nimetazama mikanda ya khanjari ya watu wengi mpaka nikauona uzi huu. Mimi mke wa Sleyum."

Akafungua kanga. Harufu ya udi ikajaa duka zima, udi mzuri, wa harusi. Ndani yake mna suruali. Mapaja yote mawili kwa mbele yamejikunyata, yamekuwa magumu kama ubao, na goti moja limejipinda kabisa.

"Nilikuwa natafuta blanketi," akasema. "Nikaikuta. Kwanza niliogopa, nikasema labda ya askari, labda ya maiti. Nikainusa. Ina harufu yake yeye, mume wangu. Na jinsi ilivyokunjwa! Imewekewa bafta kila kwenye mkunjo, hata kanzu zake za sikukuu hazikunji hivyo. Nikasema, basi, hii nguo anaipenda." Akajifuta macho kwa pembe ya buibui. "Sasa nguo anayoipenda mume wangu, mie niiache bila ya udi? Nikainyunyizia maji ya mawaridi mpaka ikarowa, nikaitandika juu ya tenga la kufukizia, na makaa yangu chini, nikenda kukoroga uji. Niliporudi ndiyo imekuwa hivi."

Mimi nilikuwa sijawahi kusikia wala kuona jambo kama hilo. Nyumba zetu zote hufukiza nguo, kanzu ya Ijumaa haivaliwi bila ya moshi wa udi, na mke anayejua wajibu wake hafikirii mara mbili. Lakini ngozi iliyorowa haiwezi joto. Inajikunja kama nyama kwenye sufuria, na ikishajikunja hairudi. Fundi Murad aliigusa, akatikisa kichwa.

"Hii imepikwa, mama."

"Nna siku chache tu, anarudi. Tafadhali, Fundi. Sitaki ajue kuwa nimeiona. Yeye mtu wa haya sana. Atadhani nimemchunguza, nimemcheka. Hatonitazama tena usoni." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mie sikucheka. Mungu anajua sikucheka."

Mume ananiambia akicheka sitokaa naye, mke ananiambia sikucheka, na katikati yao hakuna neno hata moja lililopita. Mimi ninayajua ya wote wawili, na la huyu siwezi kumpa yule. Fundi Murad alinitazama kwa jicho kali kuhakikisha mdomo wangu umefungwa.

Tukafanya kazi. Tulifumua mapaja yote mawili na goti, tundu kwa tundu, ili tushone kwa kupitia matundu yale yale. Fundi Murad hakuwa mtu wa kutupa vipande, akayatafuta mabaki ya ngozi ile ile ya ndama chini ya matandiko, akayapata, madogo lakini yanatosha kwa kuunganisha kwa ustadi. Ilibidi tufiche kiungo kwenye mkunjo wa goti. Mimi nilishona mguu wa kushoto, yeye wa kulia, na nilipomaliza akafumua wangu nusu akaushona upya bila ya kusema kitu. Hakuna siku niliyojifunza zaidi ya siku zile. Mshono ule ukiutazama kwa macho huuoni.

Lakini mikono ingeuona. Na udi nao ulikataa kutoka. Tuliitundika kwenye upepo, tukaifuta kwa siki, tukaitia mafuta mapya. Ngozi ikishakunywa moshi haiutapiki kwa siku chache.

Bi Zuwena alipokuja kuichukua, niliona ni haki yake kuambiwa. Nikamwambia, "Bibi, kwa macho hatojua. Lakini akiishika tu, atajua. Na akiinusa, ndiyo kabisa. Hatukuweza zaidi ya hapa."

Alisimama ameikumbatia kifuani kama mtu anayebeba mtoto wa watu. Bibi wa kizingitini akakohoa, maana yake muda umekwisha. Bi Zuwena hakusogea.

"Basi ajue," akasema hatimaye. "Akija kukuulizeni, msimfiche. Kile nilichokisema hapa, mwambieni."

Bwana Sleyum akarudi kutoka bara. Siku zikapita, haji. Kila kivuli kikipita mlangoni nainua kichwa. Nilimwona kwa mbali sokoni siku moja, akageuza njia, na mimi nikalala sina raha, nikijua kuwa nyumba ile inavunjika kimya kimya na hakuna anayesikia ila sisi. Nilimwambia Fundi Murad niende nikamweleze. Akasema, "Mteja anakuja kwa fundi. Fundi haendi kumgongea mteja na siri yake mkononi." Nilimchukia siku ile.

Akaja Jumatano, saa za adhuhuri, wakati soko limelala. Ameshika furushi. Akalifungua, akaitandaza suruali juu ya meza, akapitisha kiganja juu ya paja, taratibu, mpaka kwenye goti, kikasimama pale pale kwenye kiungo.

"Hapa si pa zamani."

"Ndiyo, Bwana," nikasema.

"Na huu udi?"

"Sisi hapa hatuna udi. Mafundi wa ngozi hatufukizi."

Akakaa kwenye gunia la mabaki, yeye na kanzu yake nyeupe. Uso ulikuwa umemshuka. Akauliza kwa shida, "Alikuja hapa?"

"Alikuja."

"Alicheka?"

"Hakucheka," nikasema. "Alilia."

"Alilia kwa nini? Kwa kuolewa na mtu kama mie?"

Hapo Fundi Murad akaweka chini msharasi wake wa kutobolea ngozi. "Alilia kwa kuwa ameiunguza," akasema. "Alisema nguo anayoipenda mume wangu, niiache bila ya udi? Ametazama mikanda ya wanaume wa mji mzima mpaka akautambua uzi wangu. Wewe unakaa nyumbani unamkimbia macho, na yeye anadhani umekasirika kwa sababu amekuharibia nguo yako. Nyote wawili hamna akili."

Bwana Sleyum akajifunika uso kwa ncha ya kilemba. Mabega yakawa yanatikisika, na sikujua analia au anacheka, nadhani yote mawili. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikuona haya. Alipojifunua alikuwa kama mtu aliyeamka kwenye homa. Akaikunja suruali, akaweka bafta kwenye kila mkunjo, akaifunga. Akaufikia mlango, akasita, akarudi.

"Sasa Fundi, n'tamwambia vipi kuwa ngozi haifukizwi? Nikimwambia vibaya ataona namlaumu."

"Usimwambie kitu. Kaa naye, umpe kitambaa, umwonyeshe jinsi ya kupaka mafuta. Akipaka kwa mkono wake atafahamu mwenyewe."

Mimi nikachukua kikopo kidogo kama siku zote, nikaanza kumchotea mafuta ya nyonyo na nta. Bwana Sleyum akanishika mkono.

"Hicho kidogo, Hilali," akasema. "Tia kopo kubwa. Tutapaka wawili."